Ngano ikitoka kwenye sahani, kitu gani kiingie?

Mchukulie binti wa miaka 21 kutoka Kamachumu, wilayani Muleba, aliyekwenda kusoma chuo Bukoba mjini. Nyumbani amekulia kwenye ndizi na maharage, na chapati alizijua siku za sikukuu. Mjini mambo yakabadilika. Asubuhi chapati mbili na chai ya rangi, mchana wali maharage mfuko ukiruhusu, jioni maandazi yaliyobaki kwa mama muuzaji. Ni chakula cha wanafunzi wengi: bei nafuu, kinashibisha, hakihitaji jiko.

Miezi michache baadaye tumbo linajaa gesi kila siku. Choo ni kingi, laini, kina mafuta na harufu kali. Nguo zinampwaya. Akipanda mlima mdogo moyo unadunda kama ametoka mbio. Zahanati wanampa dawa ya malaria. Mara ya pili anapewa dawa ya minyoo. Mara ya tatu damu yake imeshuka, anapewa vidonge vya kuongeza damu. Anavimeza miezi mitatu bila kuruka hata siku moja, damu haipandi. Majirani wa chumba wameanza kunong'ona kuwa ana mimba, wengine wanasema karogwa.

Likizo anarudi Kamachumu, na baada ya wiki tatu tumbo linatulia kidogo. Bibi yake ndiye anayeuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: "Mjukuu wangu, huko mjini wanakulisha nini?"

Binti huyu ni wa mfano, lakini njia aliyopita ndiyo hupitiwa na wengi wenye ugonjwa wa seliaki. Swali la bibi ndilo mlango wa kuutambua. Baada ya hapo linakuja swali la pili, ambalo husahaulika zaidi: ngano ikishaondolewa, yale yaliyopotea mwilini yatarudishwaje?

Ugonjwa wenyewe

Seliaki si mzio wa kawaida wala si "tumbo dhaifu". Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utumbo mwembamba kila mtu anapokula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Huenda kwa kurithi, na duniani hukadiriwa kumpata takriban mtu mmoja kati ya 100. Afrika nako upo. Mwaka 1999 watafiti waliripoti kuwa miongoni mwa watoto wa Saharawi, kaskazini magharibi mwa bara hili, zaidi ya watano katika kila 100 walikuwa nao.

Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijinyweleo vingi vinavyofyonza chakula, mfano wa manyoya ya taulo jipya. Kwa mgonjwa wa seliaki vijinyweleo hivyo husagika hadi utumbo ukabaki kama taulo lililochakaa, na chakula kinapita bila kufyonzwa.

Sehemu ya juu ya utumbo ndiyo huumia zaidi. Hapo ndipo mwili huchukua sehemu kubwa ya madini ya chuma, asidi ya foliki na kalsiamu. Ndiyo maana wapo wagonjwa wasioharisha kabisa, dalili yao kubwa ikiwa ni upungufu wa damu usiosikia dawa. Wengine huumwa mifupa, hupata vidonda vya mdomoni visivyokoma au hukosa siku zao. Mtoto anaweza kuonyesha dalili moja tu: mstari wa ukuaji kwenye kadi ya kliniki umelala.

Kwa nini huchelewa kujulikana

Mkoani Kagera mtu akipungukiwa damu, cha kwanza kufikiriwa ni malaria, na si kosa. Wilaya ya Muleba inajulikana duniani kwa sababu hiyo. Majaribio ya vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya PBO yaliyofanyika huko yalichangia Shirika la Afya Duniani kupendekeza vyandarua hivyo mwaka 2017. Baada ya malaria ipo minyoo ya safura, kichocho kwa wanaoishi kando ya ziwa, na giardia, kijidudu cha maji machafu ambacho huleta choo chenye mafuta kinachofanana sana na cha seliaki. Kifua kikuu cha tumbo na VVU navyo hupunguza uzito. Hivyo vyote ni vya kawaida kuliko seliaki, na ni sawa vitafutwe kwanza.

Tatizo ni kusimama hapo. Mtu aliyetibiwa malaria na minyoo, akameza vidonge vya chuma ipasavyo kwa miezi miwili au mitatu na damu ikagoma kupanda, anastahili kuulizwa kama mwili wake unafyonza anachokula.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinachotafuta askari wa mwili walioelekezwa vibaya. Kwa watu wazima mara nyingi hufuatiwa na kamera inayopitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo na kuchukua kinyama kidogo cha kupimwa. Kwa mkazi wa Muleba safari inaweza kuanzia hospitali kama Ndolage, Rubya au Kagondo, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, na ikibidi hadi Bugando jijini Mwanza, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa.

Hapa wengi hukosea. Mtu akisikia habari za ngano, anaiacha siku hiyohiyo, kisha anakwenda kupimwa baada ya miezi. Utumbo umeshaanza kupona na kipimo kinasema hana kitu. Ngano isiachwe mpaka vipimo vimalizike.

Daktari aliyetibu kwa ndizi

Watu wa Kagera wana sababu ya pekee ya kuifahamu historia ya ugonjwa huu, kwa sababu ndizi imo ndani yake. Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, alichapisha matokeo ya kuwatibu watoto wa seliaki kwa ndizi. Enzi hizo watoto wengi walikuwa wakifa. Haas aliwakataza mkate na vyakula vingine vya wanga, akawalisha ndizi mbivu kila siku. Wakanenepa, wakacheza, na sifa za ndizi zikaenea.

Lakini Haas aliona jambo sahihi akalipa sababu isiyo sahihi. Aliamini ndizi ndiyo dawa. Waliodhani wamepona wakarudia mkate, ugonjwa nao ukarudi.

Jibu lilitoka Uholanzi kwa daktari Willem-Karel Dicke. Wakati wa njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, vita vilipokausha mkate nchini humo, watoto wake wa seliaki walipata nafuu huku wengine wakidhoofika. Mkate uliporejea, wakaugua tena. Mwaka 1950 alitoa tasnifu yake akionyesha kuwa adui ni ngano.

Kwa hiyo ndizi haikuwa dawa. Ilikuwa chakula kisicho na ngano.

Tumbo limetulia, damu bado

Turudi kwa binti wa Kamachumu. Amepimwa, amekutwa na seliaki, ameacha chapati na maandazi. Wiki chache baadaye kuharisha kumekoma. Familia inashukuru Mungu, inaona kazi imekwisha. Kila siku anapikiwa ndizi, kwa sababu sasa ndizi ni salama. Asubuhi ndizi za jana, mchana ndizi, jioni ndizi na mchuzi wa kitunguu. Miezi mitano inapita. Tumbo halina shida, lakini kizunguzungu kipo, miguu inakakamaa usiku, nywele zinanyonyoka.

Amefanya kosa la Haas kwa upande wa pili. Kuondoa ngano huupa utumbo nafasi ya kupona, na kwa mtu mzima kupona huko kunaweza kuchukua mwaka mmoja, miwili au zaidi. Ghala la mwili lakini halijijazi lenyewe, na ndizi peke yake haiwezi kulijaza.

Hesabu ni nyepesi. Gramu 100 za ndizi za kupika zina madini ya chuma kama nusu miligramu hivi. Mwanamke wa umri wa kuzaa, kwa viwango vinavyotumika Marekani, anahitaji miligramu 18 kwa siku. Kalsiamu ya ndizi ni miligramu chache tu, wakati mtu mzima anahitaji kama 1,000. Ndizi ina sifa zake: nguvu, potasiamu, vitamini B6. Chuma, kalsiamu, zinki na protini vinatoka kwingine, na vitamini B12 haimo kabisa.

Lipo na jambo jingine. Tanzania ina kanuni za tangu 2011 zinazotaka unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezewe virutubishi, vikiwemo chuma, zinki, asidi ya foliki na B12. Anayeacha ngano anaacha pia virutubishi hivyo, na unga wa mahindi uliosagwa kwenye mashine ya kijijini kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Akinunua unga wa mahindi, achague wa pakiti iliyoandikwa kuwa umeongezewa virutubishi.

Mkoa mzima unalijua somo hili kwa uchungu. Kagera ina chakula, lakini takwimu za kitaifa za 2022 zilionyesha takriban theluthi moja ya watoto wa mkoa huo wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kushiba ni kitu kimoja, lishe ni kitu kingine.

Sahani ya kibanja

Habari njema ni kwamba mgonjwa wa seliaki wa Bukoba au Muleba hahitaji vyakula maalumu vya madukani vinavyouzwa ghali. Kibanja cha Wahaya hakikuwahi kuwa cha ndizi tupu. Chini ya migomba palikuwa na maharage, pembeni mboga na matunda, jirani ng'ombe, na mbele ziwa.

Dagaa ndio wa kwanza kukumbukwa. Huliwa na mifupa yao, hivyo dagaa wakavu hubeba mamia ya miligramu za kalsiamu katika gramu 100, pamoja na chuma, zinki na B12. Wanaotoka visiwa vya Muleba kama Goziba na Ikuza hufika hadi magulio ya nchi kavu. Wanaweza kutwangwa na kunyunyizwa kwenye chakula cha mtoto.

Maharage yana chuma mara kadhaa ya ndizi, na asidi ya foliki kwa wingi. Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida, lakini kuna njia tatu za kukisaidia. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe. Yaliwe na tunda lenye vitamini C kama chungwa, pera au papai. Na watiwe dagaa au nyama kidogo, kwa maana nyama na samaki huusaidia mwili kuchukua chuma cha maharage pia.

Maini, nyama na mayai vipatikane kila uwezo unaporuhusu. Hapa familia zijisemee ukweli: finyango la nyama lisiende kwa baba peke yake wakati aliyeishiwa damu ni binti.

Maziwa yanahitaji subira. Utumbo ulioumia hupoteza kwa muda uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, na mgonjwa akinywa maziwa mabichi yaliyochemshwa anaweza kuharisha akadhani amekula ngano. Maziwa ya mgando huvumilika zaidi. Utumbo ukipona, wengi hurudia maziwa ya kawaida.

Senene, msimu wao unapofika, hasa Novemba na Desemba, ni protini na mafuta, na wana chuma na zinki. Wakaangwe bila kuchanganywa na unga wowote. Viazi lishe vya rangi ya chungwa hutoa vitamini A, moja ya vitamini za mafuta zinazopotea kwenye choo cha seliaki. Parachichi na karanga hurudisha uzito. Uji wa ulezi au mtama ni salama, na hata rubisi ya asili hutengenezwa kwa ndizi na mtama. Bia ya shayiri ndiyo haifai.

Kahawa na chai ziheshimu saa zake. Zote hukamata chuma kabla mwili haujakichukua, na akamwani ya kutafuna haina tofauti. Mgeni akaribishwe kwa kahawa kama desturi inavyotaka, ila anayetibiwa upungufu wa damu aitenge na mlo, na vidonge vyake pia, kwa saa moja au mbili.

Ngano iliyojificha

Ghala halijai kama mlango wa nyuma uko wazi. Punje ndogo za ngano zinatosha kuuchokoza utumbo upya, hata pale mgonjwa asipohisi maumivu.

Mtego mkubwa ni unga wa lishe. Mama anamnunulia mgonjwa unga mchanganyiko ili apate nguvu, kumbe ndani mna ngano. Asage wake mwenyewe: ulezi, mahindi, karanga na soya. Mashine nayo iangaliwe, kwani iliyotoka kusaga ngano huacha vumbi lake kwenye unga wa anayefuata. Kama mwenye mashine ni mwelewa, mgonjwa asagiwe asubuhi kabla ya ngano, na kilo za mwanzo zipewe mtu mwingine.

Mafuta yaliyokaangia maandazi hayafai kukaangia ndizi zake. Samaki wa mgahawani mara nyingi hupakwa unga kabla ya kukaangwa. Soseji, viungo vya pakiti na vinywaji vya kimea visomwe maandishi. Nyumbani mwiko na kikaango vyake vitengwe.

Vidonge na marudio

Mwanzoni chakula peke yake mara nyingi hakitoshi. Daktari apime damu, akiba ya chuma, B12, asidi ya foliki, na ikiwezekana vitamini D na kalsiamu, kisha atoe dawa kwa kipimo. Vidonge vya chuma havinywewi na chai wala maziwa, na vya kalsiamu vitenganishwe navyo kwa saa mbili. Choo kikiwa cheusi ni kawaida ya dawa hiyo. Damu ikifika kiwango, vidonge kwa kawaida huendelea miezi kama mitatu ili kujaza akiba. Wengi huviacha siku wanapojisikia vizuri, na mwaka unaofuata wanaanza upya. Vihifadhiwe mbali na watoto, maana vikizidi ni sumu.

Asidi ya foliki isimezwe kwa muda mrefu bila kujua hali ya B12. Inaweza kupandisha damu huku upungufu wa B12 ukiendelea kuharibu mishipa ya fahamu kimyakimya. Mwanamke anayetarajia kushika mimba amweleze daktari mapema, kwa sababu foliki inahitajika tangu siku za mwanzo kabisa kulinda uti wa mgongo na ubongo wa mtoto.

Marudio ya vipimo ni baada ya miezi mitatu hadi sita, halafu kila mwaka. Ndugu wa tumbo moja, wazazi na watoto wa mgonjwa nao wazungumze na daktari, kwa kuwa kwao uwezekano hupanda kukaribia mmoja kwa kumi.

Mezani na madhabahuni

Maumivu mengine hayaonekani kwenye kipimo. Harusini anayekataa chapati huitwa mwenye maringo. Shangazi hukasirika kwamba maandazi yake yamedharauliwa. Ni vyema mtu mmoja anayesikilizwa na ukoo, kama bibi au baba mkubwa, alieleze jambo hili mara moja kwa wote, ili mgonjwa asilazimike kujitetea kila kikao.

Kanisani nako lipo swali, kwa kuwa hostia ya Kikatoliki ni ya ngano. Barua ya Vatican ya mwaka 2017 ilirudia kuwa hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, ila yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa, na muumini asiyeiweza hata hiyo anaweza kukomunika kwa divai peke yake. Kikombe kiwe ambacho hakikutumbukizwa hostia. Aende kwa paroko wake kabla ya misa, amweleze. Mlutheri amwone mchungaji wake. Hakuna sababu ya mtu kukaa benchi la nyuma miaka mitatu kwa aibu ya ugonjwa.

Binti wa Kamachumu akirudi chuoni muhula ujao, mzigo wake utakuwa mzito zaidi ya mwanzo: mkungu wa ndizi, debe dogo la maharage, kopo la dagaa waliotwangwa, karanga, na sufuria isiyoguswa na mtu mwingine. Rafiki zake watamcheka kwamba amehamisha kibanja. Awaache wacheke. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chake cha damu kilichukua miaka kukauka. Akiitunza sahani hiyo na tarehe zake za kliniki, kitajaa.